Mashine ya pedi inayouzwa Mwanza kama "ya kuotesha neva" za mgongo: inachofanya na isichofanya

Ukubwa wake ni kama simu ya kitochi. Nyuma inakaa betri ya volti 9, ile ya mraba. Juu kuna matundu mawili ya waya. Na ndani ya boksi kuna pedi nne za kubandika kwenye ngozi, kila upande sentimita 5, zinazopitisha umeme wa betri hiyo. Mwanza utaikuta kwenye maduka ya vifaa tiba katikati ya jiji, na wauzaji wa mtandaoni wanakuletea kwa bodaboda hadi Buhongwa au Kisesa. Jina kwenye boksi hubadilika, mashine haibadiliki sana, ndiyo maana tunaipitia kama aina ya kifaa na si bidhaa ya kampuni fulani.

Kilichotufanya tuandike ni maneno yanayouzwa pamoja nayo: kwamba "inaamsha neva zilizolala", kwamba "inaotesha mishipa ya fahamu iliyokatika mgongoni". Anayeambiwa hivyo mara nyingi ni mama au kaka wa kijana aliyeanguka na pikipiki, au aliyefukiwa na kifusi mgodini upande wa Geita, na karuhusiwa kutoka wodini miguu haijasogea. Mtu huyo hana hela ya kukosea. Basi tuseme mapema: mashine hii haioteshi uti wa mgongo. Ina kazi nyingine, ya kweli, lakini kwa baadhi ya wagonjwa tu, na ikitumiwa vibaya inaunguza.

Jambo moja kabla ya duka lolote. Kama miguu imeishiwa nguvu ndani ya siku au wiki chache bila ajali yoyote, hasa kwa mvuvi, mkulima wa mpunga au mtoto anayeoga ziwani, mpeleke hospitali leo. Mayai ya kichocho yanaweza kufika kwenye uti wa mgongo na kuuvimbisha, na hilo linatibika kwa prazikwanteli pamoja na dawa za steroidi zikiwahi. Kifua kikuu cha pingili nacho hupoozesha, nacho kina dawa. Wiki mbili za kubandika pedi nyumbani ni wiki mbili ambazo uti unazidi kubanwa.

Sasa kuhusu kuota. Kwa "uti wa mgongo" hapa tunamaanisha ile kamba ya fahamu iliyo ndani ya pingili, si mifupa yenyewe. Mshipa wa fahamu wa mkononi au mguuni ukikatika, seli zinazouvika, ziitwazo seli za Schwann, husafisha mabaki na kujipanga kama mfereji, kisha uzi mpya husogea ndani ya mfereji huo kiasi cha milimita 1 kwa siku. Ndani ya uti wa mgongo hali ni tofauti. Seli zinazozivika nyuzi za huko zina protini zinazozuia kukua, mojawapo ikiitwa Nogo-A. Penye jeraha pana kovu lenye kemikali zinazozuia pia. Na nyuzi za mtu mzima zenyewe zimepoteza sehemu kubwa ya nguvu ya kurefuka.

Kwamba tatizo si nyuzi peke yake, bali pia mahali zilipo, kulionekana wazi mwaka 1981, pale Samuel David na Albert Aguayo wa Montreal walipowapandikizia panya kipande cha mshipa wa fahamu wa mguuni kama daraja, na nyuzi za ndani ya uti zikarefuka kupitia humo. Tangu hapo watafiti wanatafuta namna ya kufanya hivyo kwa binadamu. Dawa ya kuizuia Nogo-A imejaribiwa Ulaya kwa watu walioumia shingo, na matokeo yalitoka mwaka 2024: kwa kundi zima haikuzidi dawa bandia katika kurudisha nguvu za mikono, ingawa waliokuwa na jeraha lisilo kamili, yaani uti haukukatika wote, walionyesha dalili za kunufaika, na utafiti unaendelea kwa watu wa aina hiyo. Huko ndiko sayansi ilikofika baada ya zaidi ya miaka 40. Mashine ya betri ya mraba haijaupita umbali huo.

Mbona basi kuna watu wanaoapa kwamba iliwasaidia? Wengi wao hawasemi uongo. Uti ukiumia bila kukatika wote, nyuzi zilizobaki huanza kubeba kazi, uvimbe hushuka, na sehemu kubwa ya ahueni hutokea ndani ya miezi 3 hadi 6 ya kwanza, ikiendelea polepole hadi mwaka na zaidi. Anayenunua mashine mwezi wa pili anaona kidole kimesogea mwezi wa tatu. Kidole kingesogea hata kama mashine ingebaki kwenye boksi. Ukitaka kujua mgonjwa wako yuko kundi gani, muulize daktari au mtaalamu wa fiziotherapia kama hisia ya kuguswa na kuchomwa sindano ipo kuzunguka njia ya haja kubwa. Kipimo hicho watu wanakionea haya, lakini kinaeleza mengi kuliko picha. Hisia ikiwapo pale, jeraha si kamili na matumaini ni mapana zaidi.

Kingine kinachopotosha ni mguu unaoruka. Baada ya ajali mwili hulegea kwa siku au wiki kadhaa, kisha chini ya jeraha misuli huanza kukaza na kujirusha yenyewe, hasa ukiugusa mguu au ukivuta shuka. Familia inafurahi: neva zimeota! Sivyo. Huo ni mzunguko mfupi wa uti wa chini unaofanya kazi bila amri ya ubongo. Mashine nayo ikiwashwa huinua mguu kwa kuupiga mshipa umeme, na huo si mguu uliorudi. Kipimo ni kimoja: zima mashine, mwambie mgonjwa afumbe macho, mwombe asogeze kidole gumba cha mguu wa kulia pale unapomwambia na aache unapomwambia, mara tano. Akiweza, hiyo ni habari njema, mpelekee mtaalamu aione.

Basi mashine inafanya nini? Inakaza msuli. Msuli unaokazwa mara kwa mara haupungui haraka, damu inazunguka vizuri zaidi, na makalio yenye nyama kidogo hukaa salama kuliko mfupa mtupu juu ya kiti. Kwa mwenye jeraha lisilo kamili, umeme ukitumika wakati ule ule anapojitahidi kukaza msuli mwenyewe, mazoezi yanapata nguvu zaidi. Hiyo ndiyo thamani yake, na si ndogo kwa mtu anayeishi juu ya miamba ya Mabatini au Igogo, ambako kumshusha mtu hadi barabarani ni kazi ya vijana wanne na safari ya fiziotherapia haiwezekani kila siku.

Lakini si kila aliyepooza atafaidika, na hili wauzaji hawalisemi kabisa. Umeme wa mashine hii haukazi msuli moja kwa moja. Unaamsha mshipa wa fahamu unaotoka kwenye uti kwenda kwenye msuli, na mshipa ndio unaokaza. Mshipa huo ukiwa mzima, yaani jeraha liko juu zaidi, shingoni au katikati ya mgongo, mguu utaitikia. Jeraha likiwa pale mgongo unapokutana na kiuno, kama inavyotokea kwa wengi wanaoanguka toka juu ya mti au kuangukiwa na mzigo, huenda mwisho wa uti na kichala cha mishipa kinachoning'inia chini yake vimeharibika. Hapo mguu ni mlegevu, haurukiruki, paja linapungua haraka, na mashine haitaukaza hata ukipandisha hadi mwisho. Msuli uliopoteza mshipa unahitaji pigo la umeme refu mamia ya mara kuliko mashine hizi zinavyoweza kutoa.

Cha kusikitisha ni kwamba hao hao wenye kichala kilichoumia ndio ambao mishipa yao, kwa asili yake, inaweza kuota kidogo. Ila piga hesabu: milimita 1 kwa siku, kutoka kiunoni hadi kwenye unyayo ni kama mita nzima, karibu miaka mitatu. Msuli uliokaa bila mshipa zaidi ya mwaka au mwaka na nusu huwa hauupokei tena vizuri. Ndiyo maana misuli ya nyonga na paja, iliyo karibu, hurudi zaidi kuliko ya nyayo.

Jaribu kabla ya kununua, au nunua kwa makubaliano ya kurudisha. Mgonjwa awe ameruhusiwa na daktari kwamba mgongo umeshika. Akae, goti likunjwe kidogo juu ya khanga iliyoviringishwa. Osha paja kwa maji na sabuni, kausha kabisa. Mafuta ya mgando au losheni vikibaki, pedi haishiki. Pedi ya kwanza ibandikwe mbele ya paja upande wa nje, upana wa kiganja chini ya kinena. Ya pili vidole vinne juu ya kilemba cha goti, ule mfupa wa mviringo mbele ya goti, upande wa ndani. Weka mapigo 35 kwa sekunde, upana wa pigo maikrosekunde 300, au kiwango cha juu kabisa kama mashine haifiki hapo. Pandisha nguvu polepole sana huku ukikitazama kilemba cha goti. Kikipanda kuelekea pajani na paja likawa gumu, mshipa unaitikia. Ukifika miliampea 60 na hakuna kinachotokea zaidi ya ngozi kuwa nyekundu, zima. Usiongeze.

Hapa ndipo kasoro ya mashine nyingi za bei ya chini inapojitokeza. Zimetengenezwa kwa ajili ya kutuliza maumivu: zinapiga mfululizo bila kupumzika. Msuli wa aliyepooza huchoka ndani ya dakika mbili tatu za mpigo wa namna hiyo, kisha unabaki unatetemeka bure. Unachotaka ni mashine yenye mpangilio wa kukaza na kuachia, na yenye mpando, yaani umeme unaingia taratibu kwa sekunde 2 badala ya kupiga ghafla. Bila mpando mguu unashtuka na misuli inajikaza hovyo. Kwenye kioo au kitabu chake tafuta mahali pa kuweka sekunde za kazi na sekunde za mapumziko. Pasipokuwepo, iache hapo hapo dukani, hata kama muuzaji anapunguza bei.

Ukiipata inayofaa, ratiba ya kuanzia ni hii: kaza sekunde 5, pumzika sekunde 25, kwa dakika 10 kila paja. Ongeza dakika 5 kila wiki hadi 30, siku 4 au 5 kwa wiki. Baadaye mapumziko yapungue hadi sekunde 15. Usifunge mzigo kwenye kifundo cha mguu wala kumwambia mtu aushikilie mguu usinyooke. Mifupa ya miguu isiyobeba uzito huanza kupoteza ugumu ndani ya miezi ya mwanzo, na juu na chini ya goti ndipo inapovunjika, bila maumivu yoyote kwa sababu mgonjwa hahisi. Goti lililovimba ghafla na kuwa la moto baada ya zoezi si uchovu, lipigwe eksirei. Mguu mmoja wote ukivimba, hasa kigimbi, usibandike kitu: huenda damu imeganda ndani, na hiyo ni safari ya hospitali.

Tulitazame suala la kuungua kwa karibu, kwa sababu ndilo linaloepukika kirahisi zaidi. Pedi mpya inashika ngozi yote sentimita 25 za mraba. Ikitumika mara ishirini hivi, na joto la Mwanza na vumbi na jasho, kona moja inaanza kunyanyuka. Umeme ule ule sasa unapita kwenye eneo dogo lililobaki. Mtu mwenye hisia angeruka. Mgonjwa wako hahisi kitu, anaendelea kuangalia mpira. Ukibandua unakuta duara jeupe katikati ya wekundu, kesho limekuwa lengelenge, na kidonda kwenye ngozi isiyo na hisia kinachukua wiki nyingi. Basi kila baada ya dakika 10 tazama kingo za pedi. Ukimaliza, wekundu unaopotea ndani ya nusu saa si tatizo. Usiopotea, siku hiyo na kesho hakuna mashine. Pedi iliyokauka usiilambe wala kuipaka mate. Ipake tone moja la maji safi, iache dakika chache, irudishe kwenye plastiki yake. Ikishindwa kushika, itupe. Waya nao hukatikia pale unapoingia kwenye tundu. Ukiwa unagusa-achia, mpigo hurudi ghafla kwa nguvu zote. Hakikisha mashine imezimwa kila unapogusa waya.

Aliyeumia kuanzia usawa wa chini ya mfupa wa kifua kwenda juu, yaani pingili ya 6 ya kifua hadi shingoni, ana hatari ya pekee. Kichocheo chochote chini ya jeraha, umeme ukiwemo, kinaweza kupandisha presha ghafla: kichwa kinagonga, uso na shingo vinatoka jasho na kuwa vyekundu, nywele zinasisimka. Zima mashine na bandua. Mkalishe wima, miguu ining'inie. Legeza mkanda na nguo. Kagua mpira wa mkojo kama umepinda au umeziba. Kama hana mpira, toa mkojo. Kisha fikiria choo kigumu. Wengi wa watu hawa presha yao ya kawaida ni ya chini, 90 hadi 110 kwa namba ya juu, kwa hiyo 150 kwao ni dharura hata kama nesi asiyewajua ataiona ya wastani. Isiposhuka, nenda hospitali. Kwa mtu wa namna hii mashine isianzishwe nyumbani. Ianzishwe mbele ya mtaalamu mwenye kipima presha. Mwenye kifaa cha kuongoza mapigo ya moyo, mjamzito, na mwenye saratani eneo hilo wasitumie.

Muuzaji akikuonyesha video ya mgonjwa wa Ulaya akishika kikombe baada ya kuwekewa umeme, huenda video ni ya kweli. Kuna mfumo uitwao ARC-EX, uliopata kibali Marekani Desemba 2024, wa kusisimua uti kupitia ngozi ya shingo. Katika utafiti wake, asilimia 72 ya washiriki walipata nafuu ya nguvu na matumizi ya mikono. Walikuwa na jeraha la shingo lisilo kamili, walifanya mazoezi mazito kliniki, na umeme wake umeundwa kwa namna ambayo mashine hii haina. Kubandika pedi zako shingoni hakukupi ARC-EX. Usibandike shingoni kabisa.

Mara nyingi mashine huambatanishwa na vidonge vya vitamini B vya "kujenga neva". Mwenye upungufu wa B12 anavihitaji kweli. Aliyeumia uti kwa ajali na anakula dagaa, samaki na mayai, havimwoteshei kitu, na B6 ya miligramu 100 au 200 kila siku kwa miezi mingi yenyewe huharibu mishipa ya fahamu: ganzi na kuwaka moto kwenye vidole. Kwa mtu aliyebakiwa na hisia mikononi tu, hiyo ni hasara kubwa mno.

Safari za nje za kudungwa "seli shina" kwa malipo tunaziogopa zaidi. Mwaka 2014 madaktari waliripoti habari za mwanamke aliyepandikizwa tishu ya puani kwenye uti. Miaka 8 baadaye walimtoa uvimbe uliokua kutokana na tishu hiyo. Majaribio halali yapo, kwa mfano ya Chuo Kikuu cha Keio, Japani, lakini mshiriki wa jaribio halali haambiwi auze shamba kwanza.

Kwa familia yenye fungu moja la hela, mashine hii tunaiweka nafasi ya nne. Ya kwanza ni mto wa kukalia wa sponji nzito, unene wa sentimita 8 hadi 10. Mgonjwa akiwa ameukalia, ingiza kiganja kati ya mto na kiti chini ya mifupa ya makalio. Ukiihisi mifupa imekaribia mkono wako, sponji imeisha. Ya pili ni mipira ya kutolea mkojo, namba 12 au 14, ya kutosha kutoa kila saa 4 hadi 6, kila mara usizidi mililita 500. Ya tatu ni godoro zuri na mtu wa kumgeuza kila saa 2, bila nailoni iliyolala moja kwa moja chini ya ngozi, maana joto na jasho la huku vinailainisha ngozi haraka. Kidonda cha kulalia kikiingia, mazoezi husimama kwa miezi, na mashine inakaa kabatini.

Ukiamua kuinunua, mwombe muuzaji ajibandike pedi mkononi na kuiwasha mbele yako: matundu yote mawili, waya ukichezwachezwa kwenye tundu. Nunua betri ya alkalaini, si ile nyepesi inayokufa siku ya tatu. Uliza kama anauza pedi peke yake, tena za sentimita 5 kwa 9 kwa ajili ya paja, na kama kichwa cha waya wake ni cha kawaida au cha mashine hiyo tu. Kwa anayerudi Nansio kwa meli au Sengerema ng'ambo ya daraja la Kigongo–Busisi, hesabu ni hii: paja mbili, siku 4 kwa wiki, pedi nne zitakufikisha wiki 5 hadi 7. Ondoka dukani na seti ya pili mkononi.